Zimwi Hupimwa kwa Nani? Uhakiki wa vipimo vya ugumu katika Dungeons & Dragons



Humu tumezoea kuhakiki riwaya, tenzi na kamusi. Leo naomba ruhusa nihakiki jedwali la namba. Najua wapo watakaocheka na kusema profesa sasa kaishiwa, anatuletea michezo ya watoto. Vumilieni kidogo. Jedwali lenyewe limo katika kitabu kinachosomwa sana na vijana, wakiwemo wa kwetu waliozaliwa huku ughaibuni, na ndani yake mna nadharia nzima ya hatari: hatari ni nini, inakaa wapi, na nani ana haki ya kuipima. Kwa maoni yangu nadharia hiyo ina kasoro moja kubwa, na siku tutakapokaa kuutafsiri mchezo huu kwa Kiswahili kasoro hiyo itatuingia na sisi, tena kupitia neno moja tu.

Kwa wasioujua mchezo, nieleze kwa ufupi. Dungeons & Dragons ulitungwa na Gary Gygax na Dave Arneson, ukatolewa mwaka 1974 na kampuni ndogo ya Lake Geneva, jimbo la Wisconsin, Marekani. Watu wanne watano hukaa mezani. Mmoja ni mwendesha mchezo: yeye ndiye anayesimulia mahali, anayewasemea wenyeji na anayeyachezea mazimwi. Kila mmoja wa waliobaki anacheza mhusika wake: mpiganaji, kasisi, mwizi, au mchawi (kwa maana ya mchezo, si ya kijijini). Dadu ya pande 20 huamua nani kapiga na nani kakosa. Wahusika huanza ngazi ya 1, wakapanda kadiri wanavyojikusanyia alama za uzoefu, na hufikia ngazi ya 20.

Sasa hapa ndipo lilipo swali. Mwendesha mchezo anakaa jioni kuandaa mapambano ya kesho. Anataka kuweka mazimwi pangoni. Aweke mangapi, na ya aina gani? Akiweka machache, wachezaji watayafagia huku wanapiga miayo. Akizidisha, wahusika waliotunzwa kwa miezi sita watakufa wote kwa nusu saa. Atajuaje?

Jibu la vitabu tangu toleo la tatu la mwaka 2000, lililobuniwa na Jonathan Tweet, Monte Cook na Skip Williams, ni namba inayobandikwa kwenye kila zimwi, ambayo wachezaji huitaja kwa herufi mbili tu, CR. Wazo la mwaka 2000 lilikuwa hivi: zimwi lenye namba 5 ni changamoto ya kawaida kwa kundi la wahusika wanne wa ngazi ya 5, na litawatumia takriban asilimia 20 ya nguvu zao, yaani uhai, dawa na uchawi. Toleo la nne la 2008 lilibadili utaratibu, likayapa mazimwi ngazi na kazi maalumu. Toleo la tano la 2014 likairudisha namba ile ikiwa na hesabu mpya, na masahihisho ya 2024 yakaipunguza hesabu hiyo. Ninayoyahakiki hasa ni haya mawili ya mwisho, maana ndiyo yaliyo mikononi mwa vijana wetu.

Nianze kwa haki. Namba hii imesaidia watu. Kabla yake mwendesha mchezo mgeni alikuwa na idadi ya dadu za uhai wa zimwi na busara yake, na busara ni kitu asichokuwa nacho mgeni. Mwenye kazi ya mchana, watoto wa kulala saa mbili usiku na wageni wa mchezo kesho yake anahitaji pa kuanzia. Sisemi jedwali lichomwe moto. Ninachosema ni kwamba linadai kupima kitu ambacho halikipimi.

Tuchukue mfano mmoja, tena wa pambano ambalo huenda limechezwa mara nyingi kuliko mengine yote ya toleo la tano. Kisanduku cha wanaoanza cha mwaka 2014 kina hadithi iitwayo Lost Mine of Phandelver. Tukio la kwanza kabisa: wahusika wa ngazi ya 1 wanasindikiza mkokoteni, wanakuta farasi waliokufa njiani, na vijitu vinne viitwavyo goblini vinawavizia kutoka vichakani. Kila goblini ina namba ¼, na thamani yake ni alama 50.

Hesabu ya 2014 ni hii. Goblini nne mara 50 ni 200. Kwa kuwa maadui ni kati ya 3 na 6, jumla inazidishwa mara mbili: 400. Kwa upande wa wachezaji, kizingiti cha pambano la mauti kwa mhusika wa ngazi ya 1 ni 100. Wakiwa wanne, ni 400. Kwa hiyo, kwa kundi la watu wanne, tukio la kwanza la kisanduku cha wanaoanza linagusa barabara kizingiti cha mauti kwa mujibu wa kitabu chenyewe. Wakiwa watano, na kisanduku kina wahusika watano tayari, kizingiti cha mauti kinapanda hadi 500 na cha pambano gumu ni 375. Basi vijitu vilevile vinashuka na kuwa "gumu" tu. Yaani mwenzenu mmoja akikosa basi jioni hiyo, pambano limebadilika jina.

Sasa chukueni pambano hilohilo mlipime kwa kitabu cha 2024. Kile kizidisho kimeondolewa. Goblini nne ni alama 200, basi. Bajeti ya pambano hafifu kwa mhusika wa ngazi ya 1 ni 50; mara nne ni 200. Hafifu! Vijitu vinne, wahusika wanne, barabara ileile: mwaka 2014 mauti, mwaka 2024 hafifu. Ni kweli wahusika wa 2024 wameongezewa nguvu kidogo, lakini goblini nayo imeongezewa uhai. Tofauti ya mauti na hafifu haitoki pangoni. Inatoka kwa karani.

Kwa nini kizidisho kilikuwepo? Kwa sababu wingi una hesabu yake, na hesabu hiyo haikuanzia kwenye michezo. Mhandisi wa Kiingereza, Frederick Lanchester, katika kitabu chake cha 1916 kuhusu ndege vitani, alionyesha kwamba pale ambapo kila mpiganaji anaweza kumlenga adui yeyote, nguvu ya jeshi haikui sawa na idadi bali kwa mraba wa idadi. Askari wawili wana nguvu ya wanne, wanne wana nguvu ya kumi na sita. Sababu yake mtu yeyote wa mtaani anaijua: ukipigwa na wanne, mapigo ni mara nne, na wewe unayemwangusha ni mmoja tu kwa wakati.

Tazameni basi vitabu vimeifanyia nini kanuni hiyo. Chukueni mazimwi ya aina moja. Yakiwa manne, Lanchester anasema 16, kitabu cha 2014 kinasema 8, cha 2024 kinasema 4. Yakiwa manane, Lanchester 64, 2014 kinasema 20, 2024 kinasema 8. Huu ni mlinganisho wa jumla tu, kwa sababu kuna uchawi unaopiga wengi kwa mkupuo na kuna milango myembamba inayozuia wengi wasipige pamoja. Lakini mwelekeo ni dhahiri. Kitabu cha 2014 kilikuwa katikati ya ukweli na urahisi. Kizidisho kiliwachosha watu, kikaondolewa, na mahali pake kikawekwa kifungu cha ushauri kwamba maadui wakizidi wawili kwa kila mhusika, basi mwendesha aingize walio dhaifu. Ushauri mzuri. Ila mgeni husoma jedwali, ushauri husomwa na wazoefu, ambao hawauhitaji.

Hiyo ni kasoro ya hesabu, na hesabu hurekebishika. Kasoro ninayoiona kubwa zaidi iko kwenye dhana yenyewe, na hapa Kiswahili kinatusaidia kuona ambacho Kiingereza kinakificha.

Sisi tuna maneno mawili: ugumu na hatari. Nazi kavu ni ngumu, haina hatari. Nyoka mdogo wa kijani ukimkanyaga kwa kiatu kafa, hana ugumu wowote, lakini nani atamwambia mtoto amshike? Kitabu cha 2014 kinaeleza jinsi namba ya zimwi inavyopatikana: unatafuta namba ya kinga (uhai na ngozi), unatafuta namba ya shambulio (wastani wa madhara kwa raundi tatu), kisha unachukua wastani wa namba hizo mbili. Yaani unachukua ugumu wake na hatari yake, unavichanganya kwenye sufuria moja, unapakua namba.

Hebu tujaribu. Zimwi la kwanza lina pointi 40 za uhai, jambo ambalo kwenye jedwali ni namba ¼, na linapiga madhara 30 kwa raundi, ambayo ni namba 4. Wastani ni kama 2. Zimwi la pili lina uhai 120, namba 4, na linapiga madhara 5, namba ¼. Wastani wake pia ni 2. Tuseme mengine yote ni sawa, na kundi letu linatoa madhara 20 kwa raundi. La kwanza litaanguka raundi ya pili. Lakini kila zamu linayopata linaweza kumlaza mhusika mmoja wa ngazi ya 2, tena kummaliza kabisa akiwa ni mchawi. La pili litachukua raundi sita za kupigapiga kama mtu anayetwanga mahindi, na hakuna atakayeumia sana. La kwanza ni kamari: wachezaji wakitangulia, kicheko, likitangulia zimwi, msiba. La pili ni kazi ya kuchosha. Jedwali linasema ni mamoja.

Mimi kazi yangu ya kila siku ni kutunga na kusahihisha mitihani, na jambo hili kwetu ni alifu kwa ujiti. Swali la mtihani halina ugumu wake lenyewe kama jiwe lilivyo na uzito wake. Lina ugumu kwa watahiniwa fulani. Mwanahisabati wa Denmark, Georg Rasch, aliyechapisha kazi yake mwaka 1960, alituonyesha njia ya kuweka ugumu wa swali na uwezo wa mtahiniwa kwenye mstari mmoja, lakini kwa sharti moja: swali lipime kitu kimoja. Ukichanganya hesabu na imla katika swali moja, mstari unakatika. Juma atalifeli kwa hesabu na Asha atalifeli kwa imla, na namba utakayoipata haitakwambia lolote kuhusu yeyote kati yao. Mazimwi mengi ni maswali ya namna hiyo.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni zimwi liitwalo Kivuli. Namba yake ni ½, alama 100, uhai 16. Dhaifu, utasema. Lakini kila Kivuli kikimpata mtu, mbali na madhara ya kawaida ambayo wastani wake ni 9, kinamnyonya nguvu za mwili kwa dadu ya pande nne, na nguvu zikifika sifuri mtu anakufa hapohapo, hata kama uhai wake bado upo. Nguvu za mwili haziongezeki na ngazi kama uhai unavyoongezeka. Mchawi wa kawaida ana nguvu 8 akiwa ngazi ya 1, na ana 8 hizohizo akiwa ngazi ya 8, ingawa uhai wake sasa ni 40 na ushei. Akipigwa mara tatu, uwezekano wa kuwa amekufa kwa kunyonywa ni nusu kwa nusu, asilimia 50 kamili. Akipigwa mara nne, ni asilimia 86. Mpiganaji mwenye nguvu 18 anahitaji kupigwa kama mara saba ndipo afike huko.

Basi weka Vivuli vinane mbele ya wahusika wanne wa ngazi ya 8. Kitabu cha 2014 kinahesabu 800 mara 2.5, jumla 2,000. Kizingiti cha pambano rahisi ni 1,800 na cha wastani ni 3,600. Jibu: rahisi. Kwa hesabu ya 2024 alama hizo 800 ziko chini kabisa ya bajeti ya pambano hafifu. Gizani, Vivuli vinne vikimwelekea mchawi, raundi mbili zinaweza kutosha. Rahisi kwa nani?

Ila subirini, kisa hakijaisha. Tuseme miongoni mwa wale wanne yumo kasisi. Kwa kanuni za 2014, kasisi wa ngazi ya 5 na kuendelea akiinua alama ya dini yake, mizuka yenye namba ½ au chini yake ikishindwa kuhimili inateketea papo hapo. Tendo moja, na Vivuli vingi kati ya vinane vimekuwa moshi. Kwa hiyo pambano hilohilo ni mzaha kwa kundi lenye kasisi na kaburi kwa kundi lisilo naye. Hakuna namba yoyote unayoweza kuibandika kwenye kipaji cha Kivuli itakayokuwa kweli kwa makundi yote mawili. Kosa si kwamba wabunifu wamekadiria vibaya, kwamba ½ ilitakiwa iwe 2. Kosa ni kudhani sifa hiyo ni ya zimwi.

Na angalieni namna kosa linavyosambaa. Namba ile iliyowekwa kama kadirio tu, hapo kasisi anaitumia kama sheria: kwa kasisi wa ngazi ya 5, ½ inateketea, 1 haiteketei. Kuna uchawi wa 2014 wa kuita wanyama unaoruhusu kuita wanane wenye namba ¼, na kila aliyekaa mezani na mbwamwitu wanane anajua hesabu ya Lanchester bila kusomeshwa. Mwaka 2024 uchawi huo uliandikwa upya bila kutegemea namba. Kadirio likishaitwa kipimo, watu hulijengea nyumba.

Sasa nirudi nyuma kidogo, maana kuna jambo ambalo waandishi wa mwanzo walilijua na sisi tumelisahau. Katika kitabu cha wanaoanza cha 1981, kilichohaririwa na Tom Moldvay, wahusika wakikutana na mazimwi mwendesha anaweza kutupa dadu mbili kujua mazimwi yana nia gani. Ni matokeo ya 2 peke yake, yaani mara moja katika 36, yanayosema zimwi linashambulia papo hapo. Matokeo ya katikati ni kusitasita. Yale ya juu ni kutoshambulia, hata urafiki. Na vita vikianza, kuna dadu nyingine ya moyo: mmoja wao akifa, na tena nusu yao wakianguka, mazimwi hupimwa kama yatakimbia. Goblini za kawaida zilipewa moyo wa 7; maana yake, anapokufa wa kwanza, kuna uwezekano wa 15 katika 36 kwamba zinakata tamaa.

Fikirini hilo linafanya nini kwa hesabu ya ugumu. Pambano la goblini nne si tena pambano la kuua nne. Mara nyingi ni la kuua moja au mbili. Au si pambano kabisa, ni mazungumzo. Wahenga wetu walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha; ugumu wa zimwi umo katika ujamaa wenu nalo, na meno ni sehemu moja tu ya hesabu. Jedwali la leo linachukulia kwamba kila zimwi litapigana mpaka pumzi ya mwisho, uwanjani pasipo na mlango wala kichaka, na kundi ambalo limekula likashiba. Hilo ni pambano la maabara.

Upande wa pili wa shilingi ulielezwa na Roger E. Moore, mhariri wa jarida la Dragon, katika toleo namba 127 la Novemba 1987. Alisimulia juu ya koboldi za mwendesha mmoja aitwaye Tucker. Koboldi ni vijitu dhaifu kuliko karibu vyote vya mchezo. Lakini hizi zilikuwa na moto, vizuizi, matundu ya kurushia mishale, na zilikataa kusimama wazi zipigwe. Wahusika wa ngazi ya 6 hadi 12 walizikimbia, wakaona heri mashetani makubwa ya ghorofa za chini. Namba ya koboldi haikubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni mahali na akili.

Hapo ndipo tunapofika kwenye jambo linalonigusa zaidi. Katika mchezo wa 1974 ngazi za pango zilikuwa na maana: ghorofa ya kwanza hatari ndogo, ya pili zaidi, ya tatu zaidi. Wachezaji walijua. Aliyetaka mali nyingi alishuka, aliyeogopa alibaki juu. Kupima hatari ilikuwa kazi ya mchezaji. Jedwali liliihamisha kazi hiyo likampa mwendesha, na polepole likageuka ahadi: ukiona zimwi mbele yako, ujue limekwishapimwa, unaliweza. Sasa, mtu aliyeahidiwa hivyo kwa nini apeleleze? Kwa nini aulize wanakijiji? Kwa nini akimbie? Mimi huendesha mchezo huu kwa vijana wa jamaa zetu huku, na naona tofauti wazi kati ya waliokulia kwenye jedwali na wasiolijua. Wale wa kwanza huuliza, "Tunapiga na nini?" Wa pili huuliza, "Hiki ni kitu gani?" Swali la pili ndilo linalomfundisha mtu kitu.

Wala si haki kuwabebesha lawama wabunifu wa 2000 peke yao. Kitabu chao kilishauri kwamba nusu tu ya mapambano yawe sawa na ngazi ya kundi. Asilimia 20 yawe rahisi iwapo wachezaji watatumia akili, na asilimia 5 yawe makubwa kupita uwezo wao, ya kukimbia. Walijua. Lakini wasomaji walichukua namba wakaacha asilimia, na vitabu vilivyofuata vikawafuata wasomaji.

Wapo watakaonijibu: "Profesa, mtu kamlea mhusika wake mwaka mzima, unataka afe kwa sababu hakuuliza wanakijiji?" Hoja ni nzito na siipuuzi. Ila mimi sidai mauti zaidi. Nadai alama za hatari zaidi. Mifupa mlangoni, mzee anayesimulia kaka yake alivyorudi akiwa hana nguvu ya kuinua kikombe, taa zinazofifia bila upepo: haya humwonya mchezaji kuliko namba isiyoonekana. Ukishamwonya unaweza kuweka zimwi lolote, kwa sababu uamuzi sasa ni wake. Zile goblini za kisanduku zina hatari kwa sababu ni uvizio: mchezaji wa mara ya kwanza hana alichopewa cha kupima zaidi ya farasi waliokufa, na jioni yake ya kwanza inaweza kuwa ya mwisho. Kwa sifa yao, waandishi walieleza kwamba goblini zikishinda huwaacha wahusika wamezimia na kuwaibia. Hilo, na wala si namba ¼, ndilo lililofanya pambano lile livumilike.

Kwa hiyo kwa mwendesha anayeandaa pambano la kesho ningependekeza aanze na jedwali, kisha ajiulize maswali manne. Kila upande una matendo mangapi kwa raundi? Zimwi hili linagusa nini mbali na uhai, na nani katika kundi hili ana dawa yake? Linataka nini, na litakimbia lini? Na wachezaji watapataje kujua kabla hawajachelewa? Halafu awe na daftari. Mwanafizikia Arpad Elo, profesa wa Milwaukee, jimbo lilelile la Wisconsin, aliwatengenezea wacheza sataranji mfumo wa alama uliochukuliwa na chama cha Marekani mwaka 1960 na shirikisho la dunia mwaka 1970. Siri ya mfumo wake ni kwamba namba hurekebishwa baada ya kila matokeo. Namba ya zimwi huchapishwa mara moja ikakauka. Mwendesha anayeandika baada ya kila pambano nani aliumia, raundi ngapi, nini kiliokoa, baada ya miezi michache atakuwa na jedwali la kundi lake, na hilo halitamdanganya kama lile la kuchapishwa.

Namalizia na neno nililoliahidi mwanzo. Tangu Januari 2023 sehemu kubwa ya kanuni za toleo la tano imewekwa chini ya leseni huria inayoruhusu mtu yeyote kuzitafsiri na kuzichapisha, mradi ataje chanzo. Hakuna wa kutuzuia kuwa nazo kwa Kiswahili. Pendekezo langu ni kwamba tusiite namba ile "ugumu wa zimwi" wala "kipimo cha zimwi". Tuiite makisio. Makisio mtu huyapokea, akayatilia shaka, akayarekebisha, kama mvuvi anavyofanya na maneno ya jirani yake kuhusu bahari ya jana. Na "ugumu" na "hatari" tuvitenge katika safu mbili, maana lugha yetu inavitenga. Kijana atakayesoma "ugumu mdogo, hatari kubwa" pembeni ya Kivuli atakuwa ameelewa zaidi ya aliyesoma ½.

Waandishi wa kamusi mliomo humu, na ninyi mnaocheza kimyakimya bila kutuambia, karibuni mnikosoe.

Nawasilisha.